Swichi ndogo inayoonyesha kilo zilikopotelea

Mahindi yanayotoka vijiji vya Wilaya ya Serengeti kwenda Mugumu, pamoja na yale ya Tarime yanayopelekwa Sirari, hayafiki sokoni kwa kipimo kimoja. Mwenye shamba kubwa huleta magunia, mwenye eka moja huleta madebe machache, na karibu kila mzigo una kilo za ziada zilizobaki kwenye kiroba. Mnunuzi anayetumia kompyuta huingiza vipimo vyote hivyo, akabonyeza kitufe, na mashine ikatoa stakabadhi yenye kiasi cha kulipa. Mkulima anapolalamika kuwa fedha zimepungua, jibu huwa jepesi: kompyuta ndivyo ilivyosema.

Jibu hilo si lazima liwe la mwisho. Programu ya kompyuta inaweza kutengenezwa kwa namna ambayo, ikitakiwa, inaeleza hatua kwa hatua jinsi ilivyofikia hesabu yake, na isipotakiwa inanyamaza na kutoa stakabadhi tu. Wataalamu wa programu hutumia maelezo ya namna hiyo kusaka hitilafu, lakini faida yake humfikia hata mtu asiyejua kuandika amri moja ya kompyuta.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mzigo una magunia 12 ya kilo 100, madebe 7 ambayo kila moja limehesabiwa kilo 18, na kilo 46 za ziada. Bei ni Sh 800 kwa kilo. Kwa kalamu na karatasi, uzito ni kilo 1,372 na malipo ni Sh 1,097,600. Programu inatoa Sh 1,040,000. Zimepotea Sh 57,600, na stakabadhi haisemi zimepotelea wapi, kwa sababu inaonyesha jumla peke yake.

Swichi ya ukaguzi ikiwashwa, programu ileile inaandika pembeni mistari michache: magunia 12, kilo 1,200, madebe 7, kilo 126, ziada, kilo 46, jumla, kilo 1,372, sawa na magunia 13, bei ya gunia, Sh 80,000, malipo, Sh 1,040,000. Hata karani ambaye hajawahi kusomea kompyuta ataona kosa. Hadi kwenye jumla ya kilo hesabu ni sahihi. Hatua inayofuata, kilo 1,372 zimegawanywa kwa 100 na jibu likawa 13 badala ya 13.72. Aliyeandika programu aliitaka igawanye kwa namba nzima, nayo ikatupa kilo 72 bila kuuliza.

Hitilafu ya aina hii ni ya kawaida sana katika lugha nyingi za programu, na ubaya wake ni kwamba haijitokezi kwa kila mtu. Anayeleta magunia kamili 20 analipwa sawasawa kila siku, na majaribio ya kwanza ofisini hufanywa kwa namba za mviringo kama hizo. Anayepunjwa ni yule wa madebe, ambaye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote mbele ya mizani.

Kuiweka swichi hiyo si kazi kubwa. Mwandishi wa programu hutenga sehemu moja inayohusika na kuandika maelezo, na kila inapotaka kuandika, sehemu hiyo hutazama kwanza iwapo swichi imewashwa. Kwa kawaida swichi huwa imezimwa. Huwashwa kwa neno linaloongezwa kwenye amri ya kuanzisha programu (programu nyingi za ukoo wa Unix hutumia kistari na herufi v) au kwa mstari mmoja katika faili la mipangilio. Wengine huweka ngazi: makosa tu, taarifa za kawaida, au kila hatua.

Ipo njia nyingine, ya kuyaondoa maelezo kabisa wakati programu inapotengenezwa kwa ajili ya mteja. Programu huwa nyepesi kidogo, lakini siku hesabu ikigoma, mtengenezaji hana budi kuitengeneza upya na kuileta. Kwa duka la nafaka la Mugumu ambalo fundi wake yuko Mwanza, hiyo ni hasara ya siku nzima za biashara. Swichi inayoweza kuwashwa palepale kwa maelekezo ya simu inafaa zaidi.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lilinufaika na utaratibu huo mwaka 1997. Chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi Julai 4 mwaka huo, kilianza kujizima na kujiwasha chenyewe. Wahandisi hawakuwa wameondoa kwenye programu yake vifaa vya kufuatilia hatua. Waliviwasha kwenye chombo pacha kilichokuwa maabara duniani, wakalipata kosa, kisha wakatuma sahihisho huko angani.

Jambo la pili la kuzingatia ni mahali maelezo yanapokwenda. Yasichanganywe na stakabadhi wala na faili linalosomwa na programu nyingine ya hesabu, maana mstari mmoja wa ziada unaweza kuharibu orodha nzima ya malipo. Mifumo ya Unix hutenga njia mbili, moja ya matokeo na moja ya taarifa za makosa, na mtengenezaji makini huitumia hiyo ya pili au huandika kwenye faili la pembeni. Kila mstari uwe na tarehe na saa. Kwa Sirari, ambako shilingi ya Kenya na ya Tanzania hukutana kwenye meza moja, uwe pia na kiwango cha kubadilishia fedha kilichotumika. Bila hicho, ugomvi wa jana hauwezi kuamuliwa leo.

Swichi hiyo ina hatari zake. Novemba 2, 1988, kirusi cha Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, kilisambaa kwenye mtandao nchini Marekani, na mojawapo ya milango kilichopitia ilikuwa njia ya kusakia hitilafu iliyoachwa wazi katika programu ya barua iitwayo sendmail. Mei 2018 kampuni ya Twitter iliwashauri watumiaji wake wote kubadili maneno ya siri baada ya kugundua kuwa yalikuwa yakiandikwa, bila kufichwa, katika kumbukumbu zake za ndani.

Duka la nafaka halina siri nyingi kiasi hicho, lakini lina majina ya wakulima, namba zao za simu na kiasi walicholipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa kumbukumbu za namna hii. Maelezo ya ukaguzi yanahitaji uzito, bei na namba ya stakabadhi. Namba ya simu ya mkulima haisaidii kutafuta kilo 72, na namba ya siri ya mtu yeyote haina nafasi humo.

Ikumbukwe pia kuwa swichi hukagua hesabu, haikagui gunia. Karani akiandika kilo 100 mbele ya lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo huipiga marufuku, programu itaeleza kwa ufasaha hatua zote za hesabu ya uongo. Hapo dawa ni mizani.

Mnunuzi anayetaka kununua programu anaweza kumjaribu muuzaji kabla ya kulipa. Aingize magunia 12, madebe 7 na kilo 46, kisha aombe kuonyeshwa hatua zote, siyo jumla tu. Baada ya hapo aulize faili la maelezo likijaa linafutwa vipi, maana kompyuta nyingi za dukani zina nafasi ndogo, na swichi iliyosahaulika ikiwa imewashwa msimu mzima wa mavuno inaweza kuijaza.