Jiwe kwenye mlango wa moto

Mpwa wangu ni mlinzi wa maegesho ya magari chini ya jengo la makazi jijini Dar es Salaam, ghorofa mbili ndani ya ardhi. Ametoka Nyabibuye, kwenye milima ya Kakonko upande wa Burundi, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kwao vinavyochimbiwa chini ni msingi, kisima na choo. Nilipomtembelea asubuhi moja alinipa shikamoo, akaniachia kiti chake cha plastiki, kisha akasema jambo ambalo yeye alishalizoea: "Mjomba, huku chini ikifika saa nne kichwa kinagonga. Siku nisipoingia zamu hakiumi kabisa."

Kichwa kinachouma ukiwa mahali pamoja tu, na kupona ukihama mahali hapo, kinaweza kuwa dalili ya mwanzo ya monoksidi ya kaboni. Tusiichanganye na hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Monoksidi huzaliwa pale kitu kinapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha, iwe petroli ndani ya injini au mkaa ndani ya jiko. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kama abiria aliyekalia siti ya mwenzake akagoma kunyanyuka. Hata ukitoka nje kwenda kwenye hewa safi, kiasi kilichomo kwenye damu huchukua saa nne hadi tano kupungua kwa nusu.

Gesi hii Nyabibuye wanaijua, ila hawaijui kwa jina. Juni na Julai baridi ya usiku milimani huwafanya watu waingize jiko chumbani. Kuna imani kwamba makaa yakishaiva na moshi kukata, hatari imekwisha. Ni kinyume chake. Moshi ndio unaokutoa machozi na kukufukuza. Makaa mekundu yaliyotulia yanaendelea kutoa monoksidi bila kukusumbua hata kidogo, na usingizi unakuja mtamu. Wazee waliolala kwenye nyumba za nyasi walikuwa na bahati wasiyoijua, maana paa la nyasi linapumua. Nyumba ya matofali iliyopigwa plasta, ikafungwa madirisha vizuri, haipumui.

Maegesho ya chini ya ardhi ni chumba cha aina hiyo, isipokuwa jiko lake lina magurudumu.

Tukitaja usalama wa chini ya jengo, wengi wetu tunafikiria kuporomoka, na tuna sababu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa Kariakoo lilianguka na kuua watu zaidi ya 20, na taarifa za siku zile zilitaja kazi za kuchimba sehemu yake ya chini. Zege likianguka nchi nzima inasikia. Hewa ikichafuka anasikia mlinzi, tena kichwani tu.

Nilikaa pale tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu kasoro. Mwanzoni kimya. Kisha lifti ikaanza kushusha watu, na ndani ya nusu saa magari karibu yote yakawashwa, yakapanga foleni kwenye mteremko wa kutokea yakisubiri kizuizi kinyanyuke. Huu ndio wakati mbaya kuliko yote, na sababu yake iko chini ya gari. Magari ya siku hizi yana kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la eksozi, chenye madini kama platinamu na paladiamu, ambacho hugeuza monoksidi kuwa hewa ukaa. Kikipata moto hufanya kazi nzuri sana. Lakini hadi kifikie nyuzi joto 250 au 300 hivi, karibu ni pambo, na gari lililolala usiku kucha linatoka maegesho kabla hakijapata joto hilo. Kuna na magari ambayo kifaa chenyewe kilishang'olewa kikauzwa kwa ajili ya hayo madini.

Dawa yake ni upepo. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, kwa mfano, unataka hewa yote ya maegesho ya chini ibadilishwe mara 6 kwa saa siku za kawaida, na mara 10 kwa saa pakitokea moto. Kazi hiyo hufanywa na feni kubwa za kuvuta hewa nje, zikisaidiwa na nyingine zinazoning'inia darini kama mizinga mifupi, ambazo husukuma hewa kutoka kwenye pembe zilizojificha. Feni hizo zinakula umeme, kwa hiyo hufungiwa vihisi vinavyoziamsha gesi inapozidi.

Na kihisi nacho kina mahali pake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Gesi ya kupikia vilevile. Gesi asilia, hii inayoendesha bajaji na teksi nyingi za Dar es Salaam, ni nyepesi, hupanda darini. Monoksidi ina uzito wa molekuli wa 28, hewa 29, yaani karibu sawa, hivyo inachanganyika kila mahali, na kihisi chake kinafaa kukaa usawa wa pua ya mtu. Katika jengo la mpwa wangu kilikuwa juu karibu na dari, kimevaa vumbi kama kofia, taa yake imezimika. Feni, aliniambia, huwashwa wakaguzi wanapokuja. Bili.

Wenye magari hawalalamiki, na hawana sababu ya kulalamika: wanapita dakika 3. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani ya majengo unaweka kikomo cha miligramu 100 za monoksidi kwa kila mita ya ujazo kwa dakika 15, miligramu 35 kwa saa moja, na 10 tu kwa saa 8. Kwa hiyo hewa ileile inayompitisha mpangaji salama hadi kwenye gari lake inaweza kuwa mara kadhaa juu ya kikomo cha anayemfungulia geti. Zamu ya mpwa wangu ni saa 12. Muosha magari, yule kijana mwenye ndoo na kitambaa, anakaa karibu muda huohuo, na hayumo kwenye mchoro wa mhandisi yeyote.

Nilipoinuka niliuona mlango wa chuma wa kwenda kwenye ngazi. Ni mlango wa moto: mzito, umetengenezwa ujifunge wenyewe ili moshi usipande ngazi watu wanazokimbilia. Ulikuwa wazi, umezuiwa na jiwe. Kwa Kiha jiwe ni ibuye, na mtu wa Nyabibuye kukutwa na jiwe si ajabu, lakini nilimuuliza.

"Naliweka mimi. Upepo kidogo unashuka kwa ngazini."

Hapo nilikosa cha kumwambia kwa haraka. Upepo ule ni kweli unamsaidia. Lakini tarehe 31 Desemba 2017, jijini Liverpool, gari moja lilishika moto kwenye maegesho ya ghorofa yasiyokuwa na vinyunyizio vya maji, na yakateketea magari zaidi ya 1,000. Petroli iliyowaka ilichuruzika, gari likaambukiza gari. Hapa, moto kama huo ungeikuta ngazi ikiwa bomba la moshi lililonyooka hadi kwa wapangaji waliolala, kwa sababu ya jiwe lililowekwa na mtu anayetafuta pumzi, kwa sababu feni imezimwa. Namba ya Zimamoto, 114, ilikuwa imebandikwa vizuri ukutani, pembeni ya mlango huohuo.

Nilimwandikia barua ya kumpelekea msimamizi: washeni feni asubuhi na jioni, shusheni kihisi. Wiki mbili baadaye nikampigia.

"Kiti nimehamisha, Mjomba. Nakaa huku juu penye mteremko, kichwa kimetulia."

"Na feni?"

"Wanasema wanasubiri fundi."

"Na jiwe?"

Akacheka kidogo. "Jiwe lipo. Sasa analitumia yule wa kuosha magari."