Stauti Kali Haitaki Barafu

Anayetoa chupa ya stauti kali kwenye friji na kuimimina papo hapo amelipia ladha ambazo hatazipata. Baridi huifunga harufu, na harufu ikifungwa ulimi hubaki na utamu, uchungu na uchachu tu. Iache chupa mezani nusu saa hivi, ifike nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi, ndipo uifungue. Bia nyepesi za rangi ya dhahabu hazihusiki hapa, maana hizo zimetengenezwa zinywewe baridi. Nazungumzia bia nyeusi nzito zenye kilevi cha 8% na kuendelea, hasa zile ambazo viwanda vidogo vya Marekani huzitia kahawa, kakao au vanila, ama huzilaza kwenye mapipa ya wiski.

Weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, ambao uliweza kukaanga kimea kwa zaidi ya nyuzi 200 bila kukigeuza majivu. Tangu hapo, kimea cheusi kidogo tu, mara nyingi sehemu ya kumi hivi ya nafaka yote, kinatosha kulifanya pipa zima la bia kuwa jeusi. Na moto huo huo ndio unaozaa harufu za kahawa, chokoleti na ganda la mkate lililoungua, hata kama hakuna punje ya kahawa iliyotiwa humo.

Hapo ndipo kazi ya mwonjaji inapoanza: kutenganisha kilichotoka kwenye shayiri na kilichoongezwa. Chukua Breakfast Stout ya kiwanda cha Founders, Grand Rapids, Michigan. Ina kilevi cha 8.3%, na ndani yake mna nafaka ya oti, chokoleti na kahawa. Kahawa halisi huja kwanza puani, mbichi na yenye uchangamfu, kisha huondoka. Kahawa ya kimea huja nyuma ya ulimi, kavu, yenye masizi, na hukaa. Ukiweza kuzitofautisha hizo mbili, umeshavuka mlango. Oti zenyewe huna haja ya kuzitafuta kwa pua. Kazi yake ni kuipa bia uzito laini mdomoni.

Kahawa ndani ya bia haidumu. Chupa iliyokaa sana rafuni huweza kutoa harufu ya pilipili hoho mbichi, na hiyo ni dalili kwamba wakati wake umepita. Stauti ya kahawa inunuliwe ikiwa changa.

Ya mapipani ni habari nyingine, na kwangu ndiyo tamu kuieleza. Sheria ya Marekani inataka wiski ya burboni ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Pipa likishamwagwa, haliwezi kutumika tena kwa burboni, kwa hiyo huuzwa. Miaka ya 1990, Greg Hall wa kiwanda cha Goose Island, Chicago, alijaza stauti kwenye mapipa ya Jim Beam, na ikazaliwa Bourbon County Stout, ambayo siku hizi huzunguka kilevi cha 14%. Moto uliochoma mbao huvunja sehemu ya mti na kuacha kiini kile kile kinachoipa vanila harufu yake. Mafuta ya mwaloni nayo hutoa harufu ya nazi. Kwa hiyo unanusa vanila na nazi ambazo hakuna aliyezitia. Ongeza tende, sukari guru na wiski iliyokuwa imenyonywa na mbao, utaelewa kwa nini bia hii hainywewi kwa kubugia.

Tumia glasi iliyobana mdomoni, ijaze theluthi moja tu. Nusa kabla ya kunywa. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi, usilihukumu. La pili liwe dogo: lizungushe mdomoni, meza, kisha toa pumzi kupitia puani ukiwa umefunga mdomo. Harufu hupanda kutoka kooni, na hapo ndipo bia inajieleza. Povu likifa upesi usishtuke, kilevi kikubwa huliua. Shtuka ukikuta harufu ya boksi lililolowa, au uchachu wa siki ambao lebo haikuutaja. Joto la kilevi kifuani ni zuri. Likikuchoma kama spiriti, bia haijakomaa.

Kuna stauti za siku hizi zinazorundikiwa vanila, nazi, biskuti na laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, hivyo hubaki tamu ndani ya bia. Anayesumbuliwa na maziwa asome lebo kwanza. Nyingi kati ya hizo nazihesabu kuwa zimeharibika zikiwa kiwandani. Kiungo kikishaifunika shayiri iliyokaangwa, kilichobaki ni sharubati yenye kilevi, hata iwe na bei gani.

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaweza kuanza na Guinness ya chupa, bila barafu, akiutafuta ukavu wa shayiri iliyoungua. Atakayepata ile ya 14% azingatie hesabu: nusu lita yake ina kilevi kinachokaribia cha chupa tatu za nusu lita za bia ya 5%. Mgawane watu watatu au wanne, mle chakula kwanza, na mwenye funguo za gari asionje kabisa.