Durban: Mgongo mmoja, mabaraza mawili

Mkaazi wa Durban, Afrika Kusini, anayeumwa mgongo aweza kwenda kwa daktari wa hospitali, au kwa mtaalamu anayetibu viungo kwa mikono. Wote wawili wanatambuliwa na sheria, lakini hawamo katika daftari moja.

Tiba ya mikono iitwayo ostiopathia iliasisiwa na Mmarekani Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo mjini Kirksville mwaka 1892. Nchini Marekani wahitimu wake sasa ni madaktari kamili, wanaoandika dawa na kufanya upasuaji.

Afrika Kusini ilifuata njia nyingine. Madaktari husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1974. Wataalamu wa ostiopathia, pamoja na wale wa kairopraktiki, fani iliyo jirani nayo, wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 1982. Durban yenyewe imefundisha kairopraktiki tangu mwaka 1989, katika taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban.

Utengano huo una hatari yake. Jimbo la KwaZulu-Natal limeathiriwa mno na kifua kikuu, maradhi yanayoweza kushambulia hata uti wa mgongo. Hapo mikono haiponyi, na huenda ikadhuru. Huhitajika dawa kwa miezi mingi.

Kwa hiyo, maumivu yanapoandamana na homa, kukonda, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, mtaalamu wa mikono hana budi kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa.