Jimbo Huyumba, Watu Hawayumbi

Siku hizi, kila ufikapo mwaka wa uchaguzi wa Marekani, redio hutaja majimbo yale yale yaitwayo yenye kuyumba, Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, Arizona, Nevada na North Carolina, hata msikilizaji wa Lizaboni hapa Songea akadhani kuwa nchi ile yenye majimbo 50 ina wapiga kura katika saba tu. Na swali lifuatalo, yaani iweje mwaka 2016 Hillary Clinton apate kura zipatazo milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump na bado ashindwe, ni swali la haki linalostahili jawabu kamili.

Mpiga kura wa Lizaboni hupewa karatasi tatu, na kila moja ina safari yake. Ya diwani huishia katani. Ya mbunge huhesabiwa pamoja na nyingine za jimbo. Ya rais huvuka mipaka yote hiyo ikachanganywa na za Mwanza, Dar es Salaam na Pemba katika jumla moja, ambamo kura ya hapa haizidi wala haipungui uzito wa kura ya penginepo. Wamarekani hawana jumla hiyo. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, na mji mkuu vilevile, wote pamoja 538, na apataye 270 ndiye rais. Nayo majimbo yote, ghairi ya Maine na Nebraska, humpa wajumbe wake wote yule aliyeongoza, ijapokuwa ameongoza kwa kura chache mno. Mwaka 2000 George W. Bush aliipata Florida kwa kura 537 kati ya takriban milioni sita, na kwa Florida akaupata urais.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali ili kuifahamu kadhia hii, kwani Zanzibar iliionja kabla ya uhuru. Katika uchaguzi wa Januari 1961, chama cha ASP cha Sheikh Abeid Karume kilipata viti 10, chama cha ZNP 9, na kile cha ZPPP ya Sheikh Muhammad Shamte, ambayo nguvu zake zilikuwa Pemba, viti 3. Na kimojawapo cha vile vya ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP walipogawanyika, wawili kwa ZNP na mmoja kwa ASP, kila upande ukawa na 11, na serikali isiweze kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni, ukazaa 10 kwa 10 na 3, na safari hii watatu hao wakaungana na ZNP, hata Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akashika uongozi wa serikali. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika baadhi ya majimbo ya Unguja, ambako ilishinda kwa wingi uliopita haja, na wingi huo haukuweza kuhamishwa kwenda kuiokoa penginepo. Wenye kura nyingi wakakaa upande wa upinzani. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Sababu zake ni nyingi na nyingine ni za kale, lakini asemaye kuwa hesabu ile haikuzidisha uchungu wa watu, mimi simsadiki.

Ama kuhusu nyoyo za wapiga kura, hapo ndipo wengi hupotea. Hudhaniwa kuwa wakaazi wa jimbo lenye kuyumba ni watu wasio na msimamo, leo huku na kesho kule. Aghalabu sivyo. Jimbo la namna hiyo ni kama mizani ya dukani iliyojazwa pande zote mbili sawasawa: magunia hayatikisiki, bali punje chache za mahindi zatosha kuiinamisha. Mwaka 1995 Dkt. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad, na mtu wa mbali angalidhani kuwa Wazanzibari walikuwa wakisitasita. Kumbe CUF ya Maalim Seif ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na CCM ya Dkt. Salmin 26 kati ya 29 vya Unguja. Wenye shaka walikuwa wachache sana. Kwa hiyo mgombea ana kazi mbili, kuwashawishi hao wachache na kuwatoa majumbani wale ambao ni wake tangu zamani, na hiyo ya pili mara nyingi ndiyo iamuayo. Uchunguzi wa maoni hauwezi kuyaona hayo yote: ukiwauliza watu 1,000, jawabu laweza kukosea kwa asilimia tatu hivi juu au chini, nawe watafuta tofauti ya asilimia moja.

Ama kuhusu namna ya kumpata mshindi, Kenya, katika katiba ya 2010, imeweka masharti mawili: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa asilimia 50.49 kwa 48.85, na wote wawili walikuwa wamelazimika kwenda kuomba kura hata kaunti ambako walijua hawataongoza. Kwetu Tanzania, tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000, mgombea wa urais hutosheka na kuwazidi wenziwe, pasi na sharti la nusu wala la mikoa. Lile la robo naliona lafaa kujadiliwa kwetu pia, maadamu mgombea ahitajiye robo ya kura za Ruvuma hana budi kufika Ruvuma.