Mlima Ufichwao na Kidole Kidogo

Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa katika nchi ya Kitui. Mwenyeji wake, Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Wakamba, alikwisha kumweleza habari za mlima huo, na Wakamba waliujua tangu zamani. Mawingu yalipoondoka Krapf aliona mfano wa nguzo mbili zimesimama juu ya mlima mpana, nao una weupe. Huko London W. D. Cooley, bingwa wa jiografia ambaye hakupata kuikanyaga Afrika Mashariki, alizipinga habari za milima yenye theluji karibu na ikweta.

Yafaa kufikiri Krapf aliona kitu gani hasa, maana jicho halipimi urefu wa mlima. Jicho hupima pembe tu, yaani kiasi cha kuinua macho kutoka usawa wa nchi mpaka kileleni. Kilele cha Mlima Kenya kipo mita 5,199 juu ya bahari. Mji wa Kitui upo mita 1,150 hivi, basi mlima umeupita mji kwa mita 4,000 na zaidi. Lakini kati yao pana kilomita 150 hivi, na katika mwendo huo dunia hujipinda kiasi cha kuficha zaidi ya mita 1,500 za chini ya mlima. Sehemu ibakiayo huinuka kwa pembe ya karibu digrii moja, na tangu usawa wa nchi mpaka utosini ni digrii 90.

Mtu akinyosha mkono na kusimamisha kidole kidogo, upana wa kidole hicho ni kama digrii moja. Ndiyo kusema kidole hicho, kikilazwa, chatosha kuuziba mlima mrefu kupita yote ya Kenya. Hata mti wa mita 7 ulioko hatua mia nne mbele hutosha.

Upande wa Makueni jambo hili ni la ajabu zaidi. Karibu na Kibwezi, penye mita 900 hivi juu ya bahari, Kilimanjaro upo umbali wa kilomita 100, na pembe yake ni kama digrii mbili na nusu. Vilima vya Chyulu, ambavyo kilele chake hakifiki hata nusu ya Kilimanjaro wenye mita 5,895, vipo kilomita 30 tu, na pembe yao si mbali na hiyo. Basi abishaye kwamba Chyulu na Kilimanjaro hulingana hasemi uongo juu ya alichokiona. Tena akienda karibu na Chyulu ili auone Kilimanjaro vizuri, hupotewa nao kabisa, kwa sababu pembe ya kilima cha karibu hukua upesi kuliko ya mlima wa mbali.

Hata kuufikia mlima wenyewe si dawa. Aliye chini ya Mlima Kenya huona migongo ya misitu, nayo mara nyingi humfichia vilele.

Wapimaji wa nchi hawategemei kutazama mara moja. Hupima kwanza kwa uangalifu umbali kati ya mahali pawili, kisha hupima pembe ya kilele kutoka kila mahali, wakaongeza hesabu ya mviringo wa dunia na ya hewa, ambayo hupinda nuru kidogo. Krapf hakuweza kufanya hayo. Alikuwa na macho yake, na maneno ya Kivoi, na asubuhi chache zisizo na mawingu.

Krapf alifariki mwaka 1881. Miaka miwili baadaye Joseph Thomson aliutazama Mlima Kenya kutoka Laikipia, karibu zaidi kuliko Kitui, na theluji ilikuwa juu yake.