Ndugu wa Tumbo Moja

Tarehe 3 Februari 1976, gazeti la Murasoli la mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai, lilitoa orodha ya majina. Kichwa chake kilisema kwamba hao ndio wasioweza kufika siku ile kuweka maua kwenye kaburi la Anna. Basi. Hakuna neno la ziada.

Nilikutana na habari hiyo nikitafuta jambo jingine kabisa. Nilitaka kujua kuhusu wabunge wa majimbo ya India waliokaa miaka mingi bila kushindwa, nikafika kwa Muthuvel Karunanidhi wa Tamil Nadu: mara 13 aligombea ubunge wa jimbo, mara 13 akashinda, kuanzia 1957 hadi 2016. Rekodi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwake. Orodha ndiyo iliyonizuia kuondoka.

Siku tatu kabla yake, serikali ya Indira Gandhi kule Delhi ilikuwa imemng'oa Karunanidhi kwenye kiti cha Waziri Kiongozi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Juni 1975, na magazeti yalipaswa kupita kwanza mikononi mwa wakaguzi. Wanachama wa chama chake, DMK, walikamatwa kwa mkupuo. Mwanawe, M. K. Stalin, kijana wa miaka 22, alikuwa miongoni mwao. Kuandika nani amekamatwa ilikuwa marufuku.

Lakini kila tarehe 3 Februari wanachama wa DMK humiminika ufukwe wa Marina kumkumbuka C. N. Annadurai, ndiye huyo Anna, mwasisi wa chama, aliyefariki siku hiyo mwaka 1969. Kila mwanachama anajulikana kuwa atafika, na asiyefika ana udhuru. Karunanidhi akachapisha wenye udhuru. Mkaguzi aliona tangazo la kumbukumbu ya marehemu, lakini msomaji wa Murasoli alijua anasoma daftari la gereza. Namfikiria mama fulani, kijijini huko Thanjavur, ambaye mwanawe hajarudi nyumbani siku mbili na hakuna kituo cha polisi kinachokubali kumjibu. Anaomba asomewe gazeti. Jina linatajwa. Sasa anajua mwanawe yuko wapi, na anajua pia kwamba yule aliyeliandika jina lile anamjua mwanawe.

Huo ndio uzi nilioufuata: mtu huyu na barua zake.

Karunanidhi aliandika katika Murasoli zaidi ya barua 7,000 kwa wanachama wake. Gazeti lenyewe alilianzisha akiwa kijana wa miaka 18, Agosti 1942, likiwa kikaratasi tu. Annadurai kabla yake alikuwa ameshazoea kuwaandikia wafuasi wake akiwaita *thambi*, mdogo wangu. Ni neno la upendo, lakini lina ngazi ndani yake: kaka yuko juu, mdogo yuko chini. Karunanidhi alichagua neno jingine, *udanpirappu*. *Udan* ni pamoja, *pirappu* ni kuzaliwa. Aliyezaliwa pamoja nami. Sisi tungesema ndugu wa tumbo moja, na kama lilivyo neno letu ndugu, hilo nalo haliwatenganishi mwanamke na mwanamume. Jukwaani alilirefusha: *en uyirinum melana anbu udanpirappukkale*, ndugu zangu wapenzi mlio bora kuliko uhai wangu. Sauti yake ilikuwa nzito yenye mkwaruzo, nayo ikifika hapo umati ulinguruma.

Mswahili anaweza kudhani hiyo ni salamu ya kawaida ya wanasiasa. Kwa Mtamil wa karne ile haikuwa kawaida hata kidogo. Katika jamii iliyogawanyika kwa matabaka ya kuzaliwa, ambako tumbo lililokuzaa ndilo linaloamua utakaa wapi, utakula na nani na utaingia hekalu gani, mtu kusimama na kuwaambia watu laki moja kwamba wote ni wa tumbo moja ni kulipinga tabaka kwenye mzizi wake.

Na yeye alikuwa na sababu zake. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1924 katika kijiji cha Thirukkuvalai, katika ukoo wa wapiga nagaswaram, zumari lile refu la hekaluni. Jamii yake ilihesabiwa ya chini. Alipopelekwa kwa mwalimu wa zumari akiwa mtoto, alijifunza kwamba mbele ya watu wa tabaka la juu mpiga zumari hukaa kifua wazi, nguo ya begani akiishusha na kuifunga kiunoni. Zumari akaliacha. Nikisoma maisha yake yote yaliyofuata, naliona bega lile la mtoto. Alipozeeka alikuwa akionekana kila mahali na shali ya njano, mabegani.

Alianza kwenda na maandamano ya kupinga Kihindi kulazimishwa shuleni akiwa na miaka kama 14. Kisha akawa mwandishi wa sinema, na mwaka 1952 maneno aliyoyatunga kwa filamu ya Parasakthi, hasa yale ya mshtakiwa akijitetea mahakamani, yakawa yanakaririwa mitaani. Wakamwita Kalaignar, msanii. Julai 1953 alilala kwenye reli huko Kallakudi, kwa sababu kituo cha treni cha mji huo kilikuwa kimepewa jina la Dalmia, tajiri wa saruji kutoka kaskazini. Akafungwa. Miaka minne baadaye wapiga kura wa Kulithalai wakampeleka bungeni.

Mengine yanajulikana: Waziri Kiongozi mara tano. Ni yeye aliyedai mwaka 1974 mawaziri viongozi wa majimbo wapandishe bendera wenyewe Siku ya Uhuru, na ikawa hivyo kote India. Serikali yake ilipiga marufuku riksho za kukokotwa na binadamu mwaka 1973, na mwaka 1989 ikawapa mabinti haki sawa ya urithi wa mali ya ukoo, miaka 16 kabla ya Delhi kufanya hivyo kwa nchi nzima.

Wenzake hawakudumu naye wote. M. G. Ramachandran, nyota wa sinema na rafiki yake wa ujanani, alifukuzwa chamani mwaka 1972 baada ya kudai hesabu za fedha. Akaunda chama chake, na kuanzia 1977 akamweka Karunanidhi nje ya madaraka mpaka yeye Ramachandran alipofariki. Mwaka 1991, baada ya Rajiv Gandhi, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, kuuawa katika ardhi ya Tamil Nadu, DMK ilipata viti 2 kati ya 234. Kimoja kilikuwa chake, kwa kura 890. Alijiuzulu. Barua hazikukoma.

Ninampenda mtu huyu, nadhani msomaji ameshaona. Ndiyo maana kuna mawili yananiuma.

La kwanza ni Aprili 2009. Watamil wa Sri Lanka walikuwa wamebanwa kwenye ukanda mwembamba wa pwani, mabomu yakiwaangukia. Karunanidhi, Waziri Kiongozi mwenye wabunge ambao serikali ya Delhi iliwategemea, alianza mgomo wa kula kando ya kaburi la Annadurai. Alianza asubuhi, na baada ya saa chache akaumaliza, kwa kuwa Sri Lanka ilisema itaacha kutumia silaha nzito. Vita viliendelea hadi Mei, na raia wakafa kwa maelfu. Je, hao hawakuwa wa tumbo moja?

La pili ni tumbo lenyewe. Mtu aliyewaita mamilioni ndugu alimwachia chama mwanawe Stalin. Mwana mwingine, Alagiri, alikuwa waziri wa serikali kuu, na binti, Kanimozhi, akawa mbunge katika bunge la Delhi. Watetezi husema Stalin alilipia nafasi yake kwa kipigo cha jela ya 1976 na miongo ya kazi ya chama, na ni kweli alipigwa. Lakini wale wengine waliokuwa kwenye orodha ile, watoto wao wako wapi?

Alifariki tarehe 7 Agosti 2018, akiwa na miaka 94, bado mbunge wa Thiruvarur. Serikali ya jimbo, iliyokuwa mikononi mwa wapinzani wake, ilikataa azikwe Marina. Mawakili walibishana usiku, na kesho yake Mahakama Kuu ya Madras ikaamua alazwe hapo, karibu na Anna.

Jioni ile ya msiba Stalin alitoa barua. Karibu maisha yake yote alikuwa amemwita baba yake *thalaivar*, kiongozi, kama wanachama wengine wote. Sasa aliomba ruhusa. Alimuuliza kiongozi wake kama anaweza, walau mara hii moja, kumwita baba.