Mzazi Si Mgeni kwa Mwanawe

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inataja, katika kifungu chake cha 37, watu wa aina nne wanaoweza kupewa ukaazi wa kudumu nchini. Wa kwanza ni aliyekuwa Mkenya kwa kuzaliwa akaupoteza uraia huo, na ambaye sheria za nchi anakoishi zinamkataza kuwa raia wa nchi mbili. Wa pili ni aliyekuwa na kibali cha kazi kwa muda usiopungua miaka 7, akaishi humu mfululizo kwa miaka 3 ya mwisho kabla ya kuomba. Wa tatu ni mtoto wa Mkenya aliyezaliwa ng'ambo na kufungwa na sheria za huko kama yule wa kwanza. Wa nne ni mume au mke wa Mkenya, iwapo ndoa imetimiza miaka 3. Orodha inakomea hapo. Mzazi wa Mkenya hamo.

Nimelazimika kukirejelea kifungu hicho mara kadhaa kwa ajili ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi karibu na Endebess, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alizaliwa Bukwo, ng'ambo ya mto Suam, akaolewa upande huu, na ndoa yake ilipotimiza miaka 7 akaandikishwa kuwa raia kama inavyoruhusu ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 2010. Mamake, mjane aliyepita umri wa miaka 80, alikuja kumtembelea baada ya mavuno. Nyonga zilikuwa zikimuuma hata hawezi kujitekea maji, na kule alikotoka hakubaki mtu wa kumtekea. Basi ziara ikageuka kuwa makao. Mwalimu huyo akaniletea rasimu ya barua ya kumwombea mamake ukaazi wa kudumu, akitaka niinyooshe lugha. Lugha ilikuwa imenyooka. Kilichokosekana ni kifungu cha kuitegemeza.

Palikuwa na neno moja alilolikata kwa kalamu mara mbili. Aliandika "mgeni wangu", akalifuta. Akaandika "mama mzazi", akalifuta pia, kisha akalirudisha lile la kwanza. "Mwalimu," aliniuliza, "nimwite nani humu ndani?"

Swali hilo si dogo. Kiswahili kina mgeni, kina mkaazi na kina mwenyeji, na kila neno lina uzito wake. Mgeni ni wa kupita. Wahenga walimpa siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Mkaazi ni yule aliyekaa tu, neno halisemi kwa haki gani. Mwenyeji ndiye mwenye mji. Sasa ajuza aliyemzaa mwenye nyumba tumtie katika fungu lipi? Hawezi kushika jembe, wala hakuna mtu mwenye adabu atakayethubutu kumwonyesha lilipo. Katika desturi za watu wa mlima Elgon, kama ilivyo kwa jamii zetu nyingi, mzazi akiingia katika boma la mwanawe hahesabiwi siku. Muhuri wa mpakani humhesabia.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni hisia, na kwamba mpaka ni mpaka. Nakubali. Lakini mpaka huu una historia yake. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauweka chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya, na mwaka 1926 mstari ukaandikwa rasmi katika amri ya mfalme wao. Mlima ukagawanywa. Wasabaot wa Trans-Nzoia na Bungoma wakabaki huku, ndugu zao Wasebei wakabaki kule, nao husemezana bila mkalimani. Kusini kidogo, karibu na Lwakhakha, Wabukusu na Wagisu nao wako hivyo hivyo. Kuoana hakukusita kwa sababu ya mstari huo. Ndiyo maana kisa cha mwalimu wangu si cha ajabu. Ukikaa sokoni Endebess utawapata wengi walio na mama, baba au bibi ng'ambo ya mto.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu kulegeza kamba. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kwa mujibu wake raia wa nchi mwanachama huingia bila viza na kupewa hadi miezi 6. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubali kitambulisho cha taifa kitumike badala ya pasipoti. Hayo ni mema na tuyashukuru. Hata hivyo itifaki hiyo inamwangalia zaidi mfanyakazi na anayejiajiri: ibara ya 14 inampa haki ya makazi yeye, mwenzi wake, watoto wake na wanaomtegemea. Kuhusu ukaazi wa kudumu, ibara iyo hiyo inaurudisha mzigo kwa sheria za kila nchi. Nasi tumekwisha kuona sheria yetu inasemaje.

Hebu tutazame mkondo wa mantiki hiyo. Ibara ya 14 ya Katiba inasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa babake au mamake alikuwa raia. Yaani haki hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Kupitia ndoa huenda kando, kutoka kwa mke hadi kwa mume, ama kinyume chake. Kupanda, yaani kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi, haipandi. Binti wa Bukwo amekuwa Mkenya kamili kwa sababu ya mume, lakini yeye mwenyewe si mlango wa mtu yeyote aliyemtangulia.

Si kila nchi imefikiri hivyo. Marekani, kwa marekebisho ya mwaka 1965, iliwaingiza wazazi wa raia aliyefikisha miaka 21 katika kundi la jamaa wa karibu wasiowekewa kikomo cha idadi kwa mwaka. Mzazi aliyeingia kihalali kwa viza ya matembezi anaweza hata kuombewa akiwa huko huko, ingawa ikidhihirika kwamba alijua tangu mwanzo kuwa haji kutembea, hilo huweza kuhesabiwa udanganyifu. Mtoto hutia saini hati ya kumtunza mzazi na kuonyesha kipato chake. Utekelezaji hupinda kwa pepo za siasa, lakini mlango umeandikwa katika sheria. Uingereza ilikwenda kinyume: tangu Julai 2012 inadai ithibitishwe kwamba mzee anahitaji matunzo ya muda mrefu asiyoweza kuyapata kwao hata akitumiwa fedha, na aliyekuja kwa matembezi haruhusiwi kuomba akiwa ndani. Kwa hiyo muuguzi wa Kitale aliyechukua uraia wa Marekani ana haki ya kumwombea mamake. Mwalimu wa Endebess, aliye umbali wa safari ya bodaboda kutoka mahali mamake alipozaliwa, hana.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Trans-Nzoia ni nchi ya mashamba yenye ugomvi, na kila panapokaribia uchaguzi husikika uvumi kwamba watu wanavushwa mto ili wapige kura. Lakini ukaazi wa kudumu si uraia. Mkaazi hapigi kura. Na kikongwe wa nyonga mbovu anayeota jua nje ya jiko hatishi kura ya mtu yeyote. Anayetaka kulaghai hana haja ya kifungu cha 37. Atapita kwenye vichochoro ambavyo wenyeji wote wanavijua.

Bunge lingeongeza fungu la tano: mzazi wa raia, aliyepita umri fulani, asiye na mtu mwingine wa kumtunza kwao. Sharti la Marekani la saini ya mtoto tungeliazima bila aibu, ili asiyeweza kumlisha mzazi asiombe. Kazi ya kuliandika haizidi ukurasa mmoja.

Kwa sasa zipo njia za muda, nami nazitaja kwa faida ya walimu wengine walio katika hali hiyo. Kanuni za Soko la Pamoja zinaruhusu mtu kuomba aongezewe muda akiwa na sababu ya kutosha, na cheti cha daktari ni sababu. Ipo pia pasi ya mtegemezi, ambayo huisha na kuombwa upya. Na raia wa kigeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa ajiandikishe. Wengi hulisahau hili wakidhani kwamba kuwa mama wa mtu kunatosha.

Barua tuliigeuza ikawa ya kuomba pasi ya mtegemezi. Pale penye neno lililofutwa nilimshauri aandike "mama mzazi", afisa ajijazie mwenyewe hilo la mgeni katika fomu yake. Miezi 6 ya ajuza itakwisha kabla shule hazijafungwa. Iwapo jibu litakuwa halijafika, mwalimu ataomba ruhusa ya siku moja, ampakie mamake kwenye matatu hadi Suam akagongewe muhuri wa kutoka, kisha wa kuingia, na kumrudisha nyumbani kabla ya giza.